Chaja ya tatu: fundi wa Langoni na Latitude yangu

Ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Langoni, Lamu: meza mbili, printa moja, laptopu moja. Napiga chapa barua, wasia, mialiko ya harusi na kazi za wanafunzi wa chuo, na kila Juni watu hunijia niwajazie ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa kuwa mwisho wake ni tarehe 30. Laptopu yenyewe ni Dell Latitude E7450. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na chaja yake ya asili ilinifaa miaka mingi hadi wiki ya mwisho ya Juni mwaka huu, siku ambazo foleni hufika mlangoni. Toka hapo nimenunua chaja tatu. Mbili za mwanzo zilinila fedha na kunipotezea wateja. Ya tatu niliichukua kwa fundi kijana mwenye kiduka hapahapa Langoni, na huu ni mwezi wa tano inafanya kazi kutwa. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nawaona wengi hapa Amu, yaani Lamu, wanaingia dukani wakisema "nataka chaja ya laptopu" basi, kama nilivyosema mimi.

Chaja ya asili haikufa siku moja. Ilianza kwa laptopu kuwaka vizuri huku betri ikishuka. Waya umechomekwa, taa inawaka, lakini asilimia zinapungua: 80, 64, 51. Nikiukunja waya pale karibu na kichwa, inarudi kuchaji, nikiuachia, inakata. Nikazungusha selotepu. Watu wawili waliniambia betri imekufa, ninunue betri, na nilikaribia kufanya hivyo. Betri haikuwa na neno. Kilichokuwa kinaumwa nilikuja kuonyeshwa baadaye kwa wembe, nami nikakiona kwa macho yangu.

Chaja ya kwanza niliinunua duka moja la Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu. Ni zile za vichwa vingi, vinane kwa hesabu yangu, na ubavuni ina kiswichi cha kuchagua volti kuanzia 12 hadi 24. Muuzaji hakuniuliza laptopu yangu ni ya kampuni gani. Alisema, "Hii inaingia zote, mama," akataja shilingi 1,200, nikalipa. Nilipoichomeka, mashine iliwaka ikaleta maandishi meupe kwenye kioo kikiwa cheusi: aina ya chaja haikutambulika, betri haitachajiwa, na kasi ya mashine itapungua. Nikabonyeza kuendelea. Kweli ilipungua. Ukurasa uliokuwa ukifunguka mara moja sasa ulichukua muda wa mtu kwenda kununua kahawa na kurudi. Mzee mmoja wa Matondoni alikaa kwenye kiti changu tangu saa nne hadi adhana ya adhuhuri kwa ritani ambayo siku nyingine ningeimaliza kwa dakika kumi na tano. Hakulalamika, na hilo liliniumiza zaidi.

Ila si hiyo iliyonifanya niiweke chini. Siku ya tatu nilirudi nayo kutoka nyumbani, nilikuwa nimeitia mkobani pamoja na madaftari. Nikaitoa, nikataka kuichomeka, jicho likaangukia kile kiswichi: kiko kwenye 24. Kilisukumwa mkobani na daftari au kifuniko cha kalamu, sijui, lakini kilikuwa 24 na mashine yangu inataka 19.5. Hakina kifuniko, hakina kufuli, kinateleza kwa ukucha. Nilikaa kwanza. Mashine ile ndiyo inayolipa ada ya watoto wangu. Kwa hiyo maoni yangu kuhusu chaja za kiswichi ni haya: usinunue, hata ukipewa kwa nusu bei. Zipo nyingine za vichwa vingi zinazojipangia volti zenyewe, hizo sijazitumia, sizisemi.

Ya pili niliinunua duka jingine, shilingi 1,500, na hii ilinidanganya kwa sababu ilifanana. Kichwa ni kilekile cha duara, kinene, chenye pini nyembamba katikati. Kikaingia kikakaa sawasawa. Mashine ikawaka, na yale maandishi meupe yakarudi. Kumbe ilikuwa ya kompyuta za HP, volti 18.5. Vichwa vya zamani vya HP na vya Dell vya aina hii vina unene mmoja, milimita 7.4 kwa nje, kwa hiyo mkono wako utakwambia ndiyo na mashine itakwambia hapana. Hilo si kosa la HP wala la Dell; kila mmoja ametengeneza chaja ya kusemezana na mashine zake. Kosa ni la aliyeniuzia akisema "kichwa ndicho hichohicho" bila kusoma maandishi, na langu kwa kutoyasoma pia. Nilipoirudisha nikaambiwa vifaa vya umeme vikishatoka havirudi.

Ndipo binti wa jirani aliponielekeza kwa huyu fundi.

Duka lake ni upana wa mlango. Halina kibao. Ukiushika Usita wa Mui kutoka Mkunguni, mbele ya ngome, ukateremka upande wa Langoni, unaingia kichochoro cha mkono wa baharini, utaona meza yenye taa ya kuvutwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Nikatoa salamu, akaitika, "Shikamoo mama." Nikamwambia nataka chaja ya Dell. Hakugeuka kuangalia rafu. Aliniuliza, "Umekuja na mashine?" Nikasema hapana. "Na chaja ya zamani?" Nayo sikuja nayo. Akasema, "Basi mamangu, niwie radhi, nenda ukanichukulie zote mbili. Sitaki kukuuzia kitu cha kukisia." Jua la saa tano, punda wanapanda na mifuko ya saruji, nami narudi ofisini kuchukua mashine. Nilikereka kidogo njiani. Leo namshukuru kwa kunirudisha.

Aliigeuza laptopu kifudifudi, akamulika kwa simu, akanisomea maandishi madogo ya chini: 19.5V, 3.34A. Halafu akasoma kisanduku cha chaja ya zamani, mstari kwa mstari, kidole kikipita. Mstari wa juu ni umeme unaoingia, 100 hadi 240, na huo karibu kila chaja ya laptopu unao; umeme wetu wa Kenya ni 240, haina shida. Mstari wa pili, umeme unaotoka, ndio wa kununulia. Volti zilingane na za mashine. Ampea zisipungue, zikizidi hakuna madhara.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo naamini kila mtu analo: ampea nyingi si zitaiunguza? Akaninyooshea kidole tangi la maji juu ya nyumba ya pili. "Volti ni kimo cha tangi, mama. Ukilipandisha, maji yanakuja kwa nguvu yanapasua bomba. Ampea ni wingi wa maji yaliyomo. Tangi likiwa kubwa, wewe si utafungua bomba kiasi chako?" Mashine huvuta inachohitaji. Ukizidisha 19.5 kwa 3.34 unapata wati 65, na hiyo ndiyo chaja yangu. Ya wati 90, yenye 4.62A, ingenifaa vilevile, ila ni nzito kubeba. Ya wati 45 ingelalamikiwa na mashine na kuchaji kwa kujikokota, nayo yenyewe ingechemka kwa kubebeshwa mzigo usio wake.

Kisha akaomba ruhusa akachukua wembe. Hii sehemu nataka niieleze vizuri kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Alipasua waya wa chaja ya zamani sentimita tatu kutoka kichwani, pale nilipofunga selotepu. Nilidhani ndani mna waya mbili kama za taa. Zilikuwa tatu. Nje kabisa kuna nyuzi za shaba zilizosukwa kuzunguka kama kikuti, hizo ni hasi. Ndani yake, katika ganda lake, waya mnene wa chanya. Na pembeni, umejificha, uzi mwembamba kuliko unywele wa punda, nao ulikuwa umekatika. Ncha zake zilikuwa na kutu ya kijani, ile ile unayoiona kwenye bawaba za madirisha yanayotazama bahari. Uzi huo ndio unaokwenda kwenye ile pini ya katikati. Haubebi umeme wa kuchaji. Unabeba jina. Ndani ya kisanduku cha chaja ya Dell mna kichipu kidogo kinachoiambia mashine, "mimi ni wa wati 65," na mashine ikishasikia ndipo inapokubali kuchaji betri. Uzi ukikatika, umeme unafika lakini jina halifiki. Ndiyo maana laptopu iliwaka na betri ikashuka. Ndiyo maana pia chaja mbili nilizonunua zilikataliwa: moja haikuwa na jina la kusema, ya pili ilisema kwa lugha ya wengine.

Kwa hiyo mwenye Dell ya kichwa cha pini, ukiona inawaka na haichaji, usikimbilie betri. Chunguza waya wa chaja kwanza, hasa pale unapoingia kichwani.

Halafu akanifundisha kipimo ambacho sasa nakifanya mbele ya muuzaji yeyote. Zima laptopu. Chomeka chaja. Washa huku unabofyabofya kitufe cha F2 hadi ufike kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine, kabla ya Windows. Fungua sehemu ya habari za betri. Hapo imeandikwa chaja iliyochomekwa ni ya wati ngapi. Tulichomeka ile ya 1,500, haikutambulika. Tukachomeka ya wati 90 aliyokuwa nayo mezani, ikaandika 90. Haikufika dakika moja. Nilifikiria wiki nzima ya Juni iliyonipotea kwa kukosa dakika hiyo.

Ya wati 65 ya asili hakuwa nayo. Alikuwa na nakala mpya ndani ya nailoni yake, ya bei nafuu, akaniwekea kiganja kimoja nakala na kingine ile yangu ya zamani, nione tofauti ya uzito. Nakala ilikuwa nyepesi mno, na ukiitikisa kuna kitu kinagonga ndani. Alisema anaziuza kwa wanaozitaka, lakini kwa mtu anayefanya kazi kutwa hawezi kumshauri. Akapiga simu Mombasa kuniagizia ya wati 65, na ile ya wati 90 akaniazima kwa amana ya shilingi 500 ili kazi isisimame. Siku mbili baadaye mzigo ukaja kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, na jioni akanipigia. Amana alinirudishia bila kuombwa. Hili la kuazimwa sijawahi kuliona duka jingine mjini, na kwangu lina thamani kuliko punguzo la bei.

Nililipa shilingi 2,800. Ni karibu mara mbili ya ile ya pili, lakini zile mbili za mwanzo pamoja ni 2,700 na zote zimelala kwenye droo. Kabla ya kupokea fedha aliifanyia kazi tena: F2 ikaandika 65, akaipima kwa mita, ikasoma 19.5, akatuachia mashine ikiwa na mwanga wa kioo umejaa na video inacheza, tukakaa. Baada ya nusu saa akaniambia niweke kiganja juu ya kisanduku nihesabu hadi kumi. Kilikuwa cha moto wa chupa ya chai, si wa jiko. Ukishindwa kufika kumi, alisema, irudishe.

Waya wa chini, ule wa kwenda ukutani, aliukagua kama alivyoukagua wa juu, na hapa wengi hatuangalii kabisa. Mwaka 2014 HP waliwaita wateja wao warudishe waya za chini za aina ya LS-15, karibu milioni 6 huko Marekani na Kanada, kwa kuwa zilikuwa zinachemka na zingeweza kuwasha moto. Ikiwa kampuni yenyewe imelazimika kurudisha waya, ule wa bure unaofungwa na chaja ya nakala ni wa kutazamwa mara mbili. Plagi iliyokuja na yangu ilikuwa na fyuzi ya ampea 13. Aliifungua kwa bisibisi akaitoa, akaweka ya ampea 3, inayotosha kabisa kwa mzigo mdogo kama wa laptopu, na ambayo itakatika mapema hitilafu ikitokea. Hakunitoza.

Risiti aliiandika kwa mkono, na juu yake namba ya chaja ilivyo kwenye kibandiko, ili nikirudi asibishane nami wala mimi nisimletee nyingine. Dhamana miezi mitatu. Imeshapita, na chaja haijanipeleka kwake.

Nilipokuwa nikingojea, aliingia mwalimu mmoja na Lenovo, ile ya kichwa cha mstatili chenye rangi ya manjano ndani. Hiyo ni volti 20, na 3.25A kwa wati 65, na kichwa hakiingii kwingine, kwa hiyo si rahisi kukosea. Kijana mwingine alikuja na laptopu mpya ya tundu dogo la bapa, kama la simu, anauliza kwa nini chaja ya simu haiichaji. Fundi akamsomea: ya simu yake inaishia volti 9, na laptopu yake inataka 20. Tundu ni moja, nguvu si moja. Akamwonya pia kuhusu kebo, kwamba akivuka ampea 3 anahitaji kebo iliyotengenezwa kwa mzigo huo. Wote wawili waliulizwa swali lilelile nililoulizwa mimi, walikuja na mashine?

Yasiyonipendeza pia niyaseme. Hufunga kuanzia adhuhuri hadi alasiri imeshasaliwa, na Ijumaa hufungua jioni tu. Mtu wa Faza au Kizingitini anayetegemea boti ya kurudi anaweza kukuta mlango umefungwa. Akiba yake ni ndogo, vitu vingi huagiza. Kiti ni kimoja. Na chaja yenyewe waya wake wa juu ni mgumu kuliko wa ile ya asili, unataka kujikunja vilevile ulivyotoka kiwandani, nami naogopa mikunjo karibu na kichwa kwa sababu sasa najua kilichomo. Naukunja kwa mizunguko mipana kama kamba ya mashua, siuzungushi kwenye kisanduku. Umeme ukikatika naichomoa ukutani, nangoja urudi utulie ndipo nachomeka, kwa kuwa hapa kwetu kishindo ni cha kurudi, si cha kuondoka. Binamu yangu wa Siyu anatumia sola na invata ya bei ndogo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na chaja yake huvuma na kuchemka hata mashine ikiwa imelala. Fundi alimshauri atafute invata ya wimbi safi, inayotoa umeme laini kama wa ukutani, kabla hajanunua chaja nyingine.

Mwezi uliopita nilimpelekea ile chaja ya asili iliyopasuliwa. Kisanduku chake kilikuwa kizima, kichipu kingali kinasema jina lake. Alikata waya wote wa juu, akaunga mpya wenye nyuzi tatu na kichwa chake, shilingi 400, akawasha mashine akabofya F2 akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 65. Iko nyumbani sasa, juu ya kabati, mbali na dirisha la baharini.